Dala: Neno Unalolipanda Kila Siku Lilizaliwa Kwenye Bonde la Ulaya

Leo sina picha ya mtu akiwa ufukweni wala stori ya nani kaachana na nani. Leo staa wetu ni neno. Ndiyo, neno, na usiondoke, maana hili neno lina umbea kuliko staa yeyote wa hapa mjini. Lina baba Mzungu asiyejulikana na wengi, lina ndugu Norway na Italia, limewahi kushikwa na wauza watumwa Zanzibar, na kesho asubuhi litakusimamia mlangoni likikuambia "songa nyuma kule, kuna nafasi."

Kilichonifanya niandike ni jamaa mmoja maarufu, jina kapuni. Juzi alikuwa laivu akasema Watanzania tumezidi kuabudu Marekani mpaka magari ya walalahoi tumeyapa jina la hela ya Wamarekani. Eti daladala ni "dola dola". Watu wakamwagia makopakopa. Upande wa pili wakaja wale wanaojifanya wanajua historia, wakajibu kwamba jina limetokana na enzi za Mwalimu, shilingi yetu ilikuwa na nguvu, dola moja shilingi tano, ndo maana nauli ya shilingi tano ikaitwa dala. Nao wakamwagiwa makopakopa.

Sasa mimi elimu yangu ni fomu foo tu, lakini kusoma nasoma, na kuzidisha na kugawanya naweza. Pande zote mbili zimeachia njiani, hazijafika kituoni. Twende taratibu.

Tuanze na tunachokijua. Usafiri wa Dar ulikuwa mikononi mwa shirika la umma, UDA, lililoanza 1974. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 80 mambo yalikuwa yamekaa vibaya. Nchi imetoka vitani Uganda, mafuta ghali, spea hakuna, mabasi mabovu yamelala gereji, watu wamejaa vituoni kama wanasubiri mgao wa sukari (na mgao wa sukari nao ulikuwepo, waulize wazee). Magari ya watu binafsi yakawa yanabeba abiria kwa kuibia. Mengine yalikuwa pikapu zilizofungwa mabenchi mawili, abiria mnatazamana uso kwa uso kama mko kwenye mgahawa, ndo zikaitwa chai maharage. Mwaka 1983 serikali ikakubali yaishe, ikaruhusu magari binafsi kubeba abiria mjini. Nauli ilikuwa shilingi tano. Na shilingi tano mtaani ilikuwa na jina lake: dala. Konda akawa anapiga kelele dala, dala! Yaani hatangazi jina la gari, anatangaza bei. Jina la bei likageuka kuwa jina la gari.

Hii siyo ajabu hata kidogo. Wenzetu Kenya matatu yao inaelezwa hivyohivyo, nauli ya mapeni matatu, senti thelathini. Afrika Mashariki tunaita gari kwa nauli yake.

Kwa hiyo swali siyo kwa nini daladala. Swali ni kwa nini shilingi tano iliitwa dala.

Na hapa ndo wale wa "dola moja shilingi tano enzi za Mwalimu" wanapoanguka. Shilingi ya Tanzania ilianza 1966. Ilikuwa sawa na shilingi ya Kiingereza, yaani shilingi 20 kwa pauni moja. Pauni wakati huo ilikuwa dola 2.80. Chukua simu yako, fungua kikokotoo, gawanya 20 kwa 2.80. Unapata 7.14. Yaani siku shilingi yetu inazaliwa, dola ilikuwa shilingi saba na ushee. Mwaka 1983 makonda wanaanza kupiga kelele, dola rasmi ilikuwa imeshapita kumi, na ile ya magendo usiseme. Shilingi ya Tanzania haijawahi hata siku moja kuwa tano kwa dola. Inauma, najua, maana ile stori ni tamu kusimulia. Lakini namba ni namba.

Ila tano kwa dola ilikuwepo, tena kabla ya Uhuru, kabla hata ya TANU. Kuanzia mwaka 1940 mpaka 1949 serikali ya Uingereza iliishikilia pauni kwenye dola 4.03. Shilingi ya Afrika Mashariki tuliyokuwa tunatumia wakati wa mkoloni ilikuwa sawa na shilingi yao. Gawanya tena: 20 kwa 4.03. Unapata tano kasoro kidogo. Hiyo hapo.

Na kuna zaidi. Waingereza wenyewe mitaani kwao waliiita shilingi tano "dola", na shilingi mbili na nusu "nusu dola". Ilikuwa lugha ya mtaa kabisa, kama sisi tunavyosema jero na buku. Wale ndo walitutawala baada ya Mjerumani kushindwa. Waliacha pauni, ambayo wazee wetu waliendelea kuitumia kumaanisha shilingi 20 hata baada ya Uhuru, na mimi naona dala ilikuja kwenye mzigo huohuo. Pauni ni ishirini, dala ni tano. Mtu wa Tandale hakuwa anaabudu Marekani. Alikuwa anatumia slengi ya London bila kujua kuwa ni slengi ya London. Halafu noti ya shilingi tano ikaja kuwa sarafu yenye kichwa cha Nyerere, jina likabaki lilelile.

Sawa. Lakini Mwingereza na yeye alilitoa wapi?

Tuhame bara kidogo. Kuna mji mdogo mlimani, leo uko Jamhuri ya Czech, unaitwa Jáchymov. Zamani Wajerumani waliokuwa wanaishi pale waliuita Joachimsthal. Joachim ni yule mtakatifu, baba yake Bikira Maria. Thal ni bonde. Bonde la Joachim, basi. Miaka ya 1510 kuelekea 1520 wakagundua fedha chini, fedha ile madini yenyewe. Watu wakamiminika kama wanavyomiminika kwenye rashi ya dhahabu Geita. Familia ya watemi wa pale, akina Schlick, wakaanza kugonga sarafu kubwa nzito ya fedha. Sarafu ikaitwa Joachimsthaler, "ya Bonde la Joachim".

Sasa na wewe fikiria uko sokoni, unataka kununua ng'ombe, kila ukitaja bei unasema Joachimsthaler. Nani ana muda huo? Wakakata. Sisi Gongo la Mboto tumeifanya Gomz, wao Joachimsthaler wakaifanya thaler. Kilichobaki ni "ya bondeni", na kila taifa lililoichukua likaipinda kwa mdomo wake. Waholanzi daalder. Waingereza dollar. Marekani kama nchi ilikuwa haipo hata kwenye ndoto. Shakespeare kwenye Macbeth, igizo la mwanzoni mwa miaka ya 1600, ana mfalme wa Norway anayelazimishwa kulipa dola elfu kumi ili azike askari wake. Norway, siyo New York! Marekani walikuja kuichukua dola kuwa hela yao rasmi mwaka 1785, neno likiwa limeshazeeka. Kwa hiyo yule jamaa yetu wa laivu anawapa Wamarekani sifa ya kitu walichookota njiani.

(Kwa faida ya wanasayansi wetu humu: mgodi huohuo wa Joachimsthal ndo ulitoa mabaki ya mawe ambayo Marie Curie aliyachambua mpaka akagundua redio... hapana siyo redio ya kusikiliza, rediamu, mwaka 1898. Ule mji umebarikiwa.)

Nimewaahidi Norway na Italia, na hapa ndo utamu ulipo.

Skandinavia sarafu iliitwa daler. Denmark, Sweden, Norway, wote. Hawa siyo wageni kwetu, wale waliosoma Kibaha wanajua, kile kituo cha elimu kilijengwa na nchi za huko na kufunguliwa miaka ya 1960. Sasa Sweden hawakuwa na fedha nyingi ila walikuwa na shaba ya kumwaga. Mwaka 1644 wakaamua thamani ya daler iwe ndani ya shaba yenyewe. Shaba ni rahisi, kwa hiyo ili ifike thamani ya daler kumi, bamba moja likawa na uzito wa karibu kilo 20. Hela. Kilo ishirini. Yaani mfuko wa saruji ukasoro nusu hivi, unaenda nao sokoni kununua kitu. Fikiria konda wa Gomz anakusubiri umpe nauli na wewe unamtelemshia bamba la shaba mapajani, halafu anakuuliza huna chenji.

Mabamba hayo yaligongwa Avesta, kwenye eneo linaitwa Dalarna. Na Dalarna maana yake ni "mabonde". Kwa sababu kwa Kiswidi bonde ni dal. Ndiyo, dal na thal ni neno moja, Kijerumani na lugha za Skandinavia ni ndugu wa tumbo moja. Hivyo daler ilitoka bondeni kwa Wajerumani, ikasafiri, ikaenda kugongwa kwenye mabonde ya Waswidi. Ukimwona mtalii wa Kiswidi ana kile kifarasi chekundu cha mbao kwenye begi, kile kinaitwa farasi wa Dala. Dala hiyo ni ya bonde, siyo ya nauli.

Norway ndo wamechanganya kabisa. Kwa Kinorwei bonde ni dal, na mabonde ni daler. Na ile hela ya zamani nayo ni daler. Unaandika vilevile, mtu anajua kwa sentensi tu kama unazungumzia mandhari au deni. Sisi tunaona ni bahati mbaya ya herufi, kumbe ni neno lilelile limezunguka njia mbili na kukutana tena nyumbani.

Iceland wamekwenda mbali zaidi. Wao hadi leo dola ya Marekani wanaiita dalur, na bonde nalo ni dalur. Na ukitaka kusema milioni za dola, neno linabadilika mwishoni linakuwa dala. Sikutanii. Ukifungua gazeti la Iceland ukurasa wa biashara utakuta dala imeandikwa kama konda alivyoitamka Kariakoo mwaka 1983. Hawajawahi kukutana na konda wa Kariakoo. Ila wote wawili wanaongelea bonde la Joachim.

Hizo daler zenyewe wenzetu wa Sweden, Denmark na Norway waliziacha miaka ya 1870, wakahamia kwenye "taji", ndo krona na krone za leo. Kitu kingine: daler rasmi ya serikali waliiita riksdaler, na riks ni "ya dola", dola ile ya utawala. Weka hili kichwani, tutalirudia tukifika Ukonga.

Italia sasa. Waitaliano walichukua neno mara mbili. Sarafu ya zamani wakaiita tallero, ya Marekani wakaiita dollaro. Mtu na mdogo wake, majina tofauti, wengi wao hawajui hata kama ni ndugu. Na dalla kwa Kiitaliano ipo, kila siku wanaitamka, ila ni kineno kidogo tu chenye maana ya "kutoka". Dalla Tanzania, kutoka Tanzania. Hiyo haina undugu na bonde kabisa, asili yake ni Kilatini, vineno viwili vidogo vimegandana. Kwa hiyo Mwitaliano akiona daladala yetu imeandikwa ubavuni anaweza kusoma "kutoka kutoka". Ambayo, ukifikiria foleni ya Tazara saa kumi na mbili jioni, siyo tafsiri mbaya.

Ila tallero ndo inatuhusu, kwa sababu ndiyo iliyofika kwetu. Kulikuwa na malkia wa Austria, Maria Theresa, mama mnene mwenye vito kifuani, aliyefariki 1780. Sarafu yake ya fedha, gramu 28, ilipendwa na wafanyabiashara wa Uarabuni na Pembe ya Afrika kiasi kwamba hata baada ya kufa kwake waliendelea kuigonga kwa miaka zaidi ya mia na hamsini, na mwaka ulioandikwa ni uleule, 1780. Mama amekufa ila sarafu hazifi. Watu walikuwa wanazikagua vito kimoja kimoja, lulu zikipungua hawapokei. Waitaliano walipoitawala Eritrea wakajaribu kutoa tallero yao mwaka 1890 yenye sura ya mfalme wao. Watu wakawaangalia tu. Mwaka 1918 wakatoa nyingine yenye mwanamke anayefananafanana na Maria Theresa, kama feki za Kariakoo zile za herufi moja kubadilishwa. Nayo ikagoma. Mwishowe 1935, Mussolini akijiandaa kuivamia Ethiopia, ikabidi wachukue mihuri yenyewe kutoka Austria wagonge Maria Theresa orijino. Dikteta mzima na majeshi yake, kashindwa kuwalazimisha mama ntilie wa Asmara wapokee sura nyingine.

Sarafu hiyohiyo ilishuka na majahazi mpaka Zanzibar. Karne ya 19 ndiyo iliyonunua pembe za ndovu, karafuu, na watu. Hapa sitaki utani. Soko la Mkunazini lilifungwa 1873, na kabla ya hapo bei ya binadamu ilikuwa inatajwa kwa sarafu hii na ndugu zake wa Kihispania. Lile bonde la Joachim lenye jina la babu yake Yesu, jina lake lilifika mpaka kwenye mnada wa watoto wetu. Watu wanapenda kusema maneno ni maneno tu. Hili limepita mikono mibaya.

Cha ajabu, wazee wa pwani hawakuiita dala wala thaler. Waliiita reale, neno la Kihispania na Kireno la "ya kifalme", lililopitia kwa Waarabu. Ile ya Kihispania yenye picha ya nguzo mbili waliita reale ya mzinga, kwa sababu zile nguzo waliziona kama mizinga. Watu wa pwani jamani, hawajawahi kukosa jina la kitu. Sultani Barghash naye akagongesha reale zake Ubelgiji mwaka 1882. Na wale wazee wanaokumbuka sumni, senti hamsini, ile ni thumuni ya Kiarabu, moja ya nane. Moja ya nane ya nini? Ya reale. Yaani sarafu ilitufikia mapema bila jina lake, halafu jina likatufikia baadaye kupitia kwa Mwingereza bila sarafu yake. Vilipishana baharini.

Sasa turudi nyumbani, Ukonga.

Hapa kwetu neno dola lina watu wawili ndani yake. Kuna dola ya kubadilisha, ambayo ni huyuhuyu mtoto wa bondeni. Na kuna dola ya "vyombo vya dola", ambayo ni Kiarabu, dawla, kutoka kwenye mzizi wa kuzunguka na kupokezana: leo zamu ya ukoo huu kutawala, kesho wengine. Hazina undugu wowote. Ila Ukonga tunaishi nazo zote. Tuna gereza, tuna kambi ya FFU, dola hiyo imetuzunguka kila upande. (Gereza lenyewe ni neno la Kireno la kanisa, lakini hiyo posti ya siku nyingine.) Dola ya kubadilisha ndo hatuioni, inapita juu tu kwenye ndege kuelekea Airport. Na wale Waswidi na riksdaler yao, ukiwatafsiri neno kwa neno kwa Kiswahili, unapata "dala ya dola". Mimi nilicheka peke yangu kitandani.

Nikaendelea kuchimba nikakuta karibu kila jina la hela tunalotumia ni mgeni mwenye stori. Hela ni Kijerumani, heller, ile sarafu ndogo waliyotuletea 1904, mia moja zake zinafanya rupia. Na heller nayo imetokana na jina la mji, Hall, leo Schwäbisch Hall, kusini mwa Ujerumani. Kwa hiyo dala ni mji na hela ni mji, unapolipa hela ya daladala unataja miji miwili ya Ulaya ambayo hutapewa viza yake. Kwa Kiswidi hela ipo pia, maana yake "nzima", hela dagen ni siku nzima, wala haihusiani. Pesa ilitoka India, paisa. Waitaliano waliposhika pwani ya Somalia, ambayo kabla ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, wakatoa sarafu mwaka 1909 wakaiandika bese, wakijaribu kutamka pesa yetu. Kwenye Kiitaliano chao wenyewe pesa ni "ina uzito". Sitasema chochote kuhusu uzito wa pesa yangu ya mwisho wa mwezi.

Nimalizane na yule jamaa wa laivu. Hoja yake ilikuwa kwamba tumebeba jina la hela ya wakubwa kwa kujikomba. Mimi naona kinyume. Jina limetoka kwa wachimba madini, wakalichukua wafalme, likachukuliwa na masultani, wakoloni, mabenki, na mahali pekee duniani ninapopajua ambapo limekuja kuwa jina la gari la watu wasio na gari ni hapa. Hakuna waziri aliyelipitisha, na hapakuwa na mkutano wa kuchagua jina. Konda alihitaji neno fupi la kupigia kelele, likatosha.

Na limeshikilia bei ambayo serikali ilishindwa kuishikilia. Mwaka 1986 dola iliruhusiwa kufika shilingi 40 hivi. Leo ni zaidi ya elfu mbili. Shilingi tano ukiipata leo unamwonesha mtoto kama mdudu. Lakini kila siku asubuhi kituo cha Mombasa watu bado wanasema "napanda daladala", yaani napanda ya shilingi tano tano, kwa bei ya mwaka ambao wengi wetu tunaosoma hapa hatujazaliwa.

Swali langu ni itakuwaje sasa. Morogoro Road mwendokasi ilipoanza 2016 daladala ziliondolewa njia ile. Awamu ya tatu ndo hii ya kwetu, Nyerere Road mpaka Gongo la Mboto. Mimi siyo mpinzani wa mwendokasi, nikisimama saa moja pale Banana nikiwa nimebanwa kwapani mwa mtu nasema hata kesho ije. Ila jina "mwendokasi" linataja ahadi, halitaji bei. Daladala ilikuambia ukweli mlangoni kabla hujaingia: ni tano, huna basi tembea. Sina hakika mtoto anayezaliwa leo Kivule au Pugu atalijua neno hili kama gari au kama stori ya bibi.

Kwa hiyo nawaomba kitu kimoja wadau. Kama nyumbani kuna mzee aliyepanda chai maharage, baba, mama, shangazi, babu, mtu yeyote, msalimie kwanza halafu muulize: shilingi tano mliiita dala kuanzia lini, ilikuwa bado noti au imeshakuwa sarafu? Na kabla ya dala mliiitaje? Andikeni majibu hapo chini pamoja na mtaa aliokuwa anaishi. Nikipata ya kutosha ya Ukonga, Temeke na Kinondoni nitayapanga tuone neno lilianzia kituo gani.